Nguo Zote Kambani Ni Zetu

Bwenini kituoni
Jumapili, 9 Februari

Dada yangu,

Shikamoo. Mimi ni mzima kuanzia shingoni kwenda chini. Kuanzia shingoni kwenda juu usiniulize. Juzi nilichungulia moto wa kuchomelea vyuma bila kuvaa kinyago, mara moja tu, na usiku kucha macho yaliniwasha kama yametiwa mchanga na pilipili. Mwalimu wetu, yule bwana mfupi tunayemwita Koleo kwa vile akikushika kosa hakuachii, alinicheka mbele ya wote. "Huyu alitaka kuuona moto, na moto umemwona," akasema. "Kuanzia leo mwiteni Cheche." Basi jina limeganda. Hata mpishi wa hapa ananiita Cheche, na akinipakulia ananiongezea.

Lakini Dada, mkono umekubali! Wiki hii nimeunga fremu ya dirisha, kona zote. Koleo akaipiga teke, akageuka akaipiga tena, haikuachia. Hakusema neno, akaenda zake. Wenzangu wakanipigia vigelegele, maana Koleo akinyamaza ndiyo sifa yenyewe.

Nakumbuka ulivyosema siku ninaondoka, mwanamke na vyuma wapi na wapi. Haya, sikiliza. Sisi wanawake tunaolea peke yetu ndio tuliochukuliwa hapa, na kila atakayemaliza mwezi wa sita anapewa mashine yake ya kuchomelea na kupelekwa kwenye karakana kuanza kazi. Kazi, Dada, si kibarua cha leo upo kesho haupo. Nikifika hapo nakodi vyumba viwili, nawachukua wewe na mwanangu tukae pamoja. Tangu baba yake alipokwenda kununua vocha akapotelea huko huko, sijawahi kumwahidi Chiriku kitu nikakitimiza. Hiki nitakitimiza. Asiyemaliza hapewi chochote, hata glavu anaziacha mlangoni.

Kuna jambo. Mkaguzi wa kituo anazunguka kwenye nyumba tulizoacha watoto, anaangalia wanaishije. Mwenzetu mmoja wa bweni hili ameondolewa baada ya ukaguzi. Wengine wanasema mtoto wake alikutwa amekonda, wengine wanasema hakuwa na nguo ya maana mwilini. Hakuna mwenye hakika, mwenyewe alifunga virago analia, hakutuambia kitu. Kwa hiyo nakuomba sana, akija huyo mkaguzi kwetu, mpokee vizuri. Usiniangushe.

Simu yangu ipo kabatini ofisini kama za wenzangu, na yako ndiyo hiyo iliyozama kwenye beseni la sabuni. Barua mpe yule dereva wa lori la saruji, atamwachia mpishi, nami nitaipata.

Mbusu Chiriku. Mwambie mama anajifunza kushona vyuma.

Mdogo wako,
Cheche


Nyumbani
Jumanne, 4 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba, tena marahaba mara mia. Kaa kitako kwanza ndipo usome. Na usishangae mwandiko umelala hivi, naandikia juu ya goti.

Mkaguzi wenu amekuja, amekula, ameondoka ameridhika, na mimi dada yako sijakuaibisha hata kidogo!

Alitanguliza salamu siku moja kabla, na hapo ndipo aliponikosea, maana mimi ukinipa siku moja nakujengea ghorofa. Nilikwenda kwa Mama Pacha hapo jirani. Unamjua na roho yake, hakuuliza mara mbili, akanitolea seti nzima ya makochi. Mlangoni yakagoma kupita. Mumewe akang'oa mlango na bawaba zake, tukayaingiza, tukaurudisha mlango. Kitanda tukakisimamisha uani nyuma ya pipa. Ungeingia ungesema umepotea nyumba.

Chiriku nilimvalisha gauni la njano la binti wa mwalimu mkuu, lile lililoletwa kufuliwa, na mimi nikavaa vazi la mke wa daktari. Usigune huko! Nilizifua upya zote na kuzipiga pasi, hakuna aliyejua. Mtoto akasalimia kwa adabu, mgeni akamshika shavu, kisha nikamtuma upesi kwa Mama Pacha. Unamjua mwanao na mdomo wake. Angekaa kidogo tu angemuuliza mgeni makochi yanarudi saa ngapi.

Mgeni mwenyewe ni mama mpole, ana miwani na mkoba mweusi. Akatazama uani, kamba zote zimejaa nguo. "Hizi zote ni za nani?" Nikawaza haraka haraka. Niseme nafua za watu? Kwamba mtoto wako unamlelea kwa dobi? Nikamwambia, "Nguo zote kambani ni zetu, mama. Sisi tunapenda kubadilisha."

Akaniuliza wewe ukiwa huna kazi unamtegemea nani. "Mimi," nikamwambia, na nikakaa sawasawa kwenye kochi. "Na kwangu hajakosa. Akimaliza huko sawa, asipomaliza sawa, nyumba hii haijawahi kulala njaa." Marehemu baba angenisikia angefurahi, yeye aliyetufundisha kwamba njaa ya ndani haitolewi nje kuanikwa. Mgeni akatabasamu, akaandika, akaandika tena. Nilimchinjia kuku, akala, soda akamaliza. Alipoaga alisema, "Mdogo wako ana bahati ya kuwa na dada kama wewe. Wengine hawana mtu kabisa."

Nilirudi ndani nikalia kwa furaha, wallahi. Maisha haya, ni lini tumeambiwa tuna bahati?

Basi wewe chapa kazi, huku kumetulia. Mwanao anauliza, kama mama anashona vyuma, je atamshonea gauni la chuma ili lisichanike?

Dada yako


Ofisi ya Mratibu
Jumatatu, 17 Machi

Kwa Mshiriki, Karakana ya Vyuma

KUHUSU: NAFASI YAKO KATIKA MAFUNZO

Tafadhali rejea ukaguzi uliofanyika nyumbani kwenu.

Mkaguzi ametoa taarifa nzuri sana. Mtoto wako ana afya, anavaa vizuri na anaishi katika nyumba yenye nafasi. Dada yako amethibitisha kwamba anakumudu wewe na mtoto bila shida, hata kama hutamaliza mafunzo. Kituo kinakupongeza kwa kuwa na familia imara.

Kama ulivyoelezwa siku ya kwanza, mafunzo haya ni kwa akina mama wasio na msaada wowote. Kwa msingi huo kamati imeamua kwamba hustahili kuendelea. Unatakiwa kuondoka bwenini kabla ya Ijumaa. Nafasi yako itachukuliwa na mama aliye kwenye orodha ya wanaosubiri.

Ukiona taarifa hii si sahihi, familia inaweza kuleta maelezo yake kwa maandishi, nayo yatasomwa na kamati.

Nakutakia kila la heri.

Mratibu wa Kituo


Chumba cha mpishi, nyuma ya kituo
Alhamisi, 20 Machi

Dada,

Umefanya nini?

Barua yako ilinifikia siku moja na barua ya Mratibu. Yako niliisoma kwanza, nikacheka hadi nikajifuta machozi kwa yale makochi. Halafu nikafungua ya pili. Dada, wamenitoa. Wamenitoa kwa sababu tuna nguo nyingi! Kwa sababu tuna kuku! Wamenipongeza kwa kuwa na familia imara na wakaniambia nifungashe.

Najua niliandika umpokee vizuri. Niliandika mwenyewe kwa mkono wangu huu, na tangu juzi najipiga kichwani. Lakini nilifikiri utafagia uwanja, umwogeshe mtoto, basi. Nani alikutuma kutujengea ghorofa? Wanatafuta watu wasio na kitu, Dada, na sisi ndio hao, tulikuwa tumeshapata, ilibaki kukaa kimya tu tuonekane tulivyo! Mficha maradhi kilio humfichua. Wewe ulituficha vizuri mno, hata kilio hakikusikika.

Koleo alikuja mpaka getini wakati naondoka. Hakusema kitu, safari hii si kwa sifa. Mpishi amenipa pa kulala kwenye chumba chake kati ya magunia, lakini Mratibu asijue.

Bado kuna mlango mmoja. Wanasema familia ikileta maelezo yataangaliwa. Andika, Dada. Andika kwa Mratibu mwenyewe. Mwambie makochi ni ya nani na nguo ni za nani. Mwambie tunakula nini na tunakosa nini. Usifiche hata chembe, hata lile unaloona haya kuniambia mimi. Nakupigia magoti. Nikikosa hiki sina kingine, na wewe unajua.

Mdogo wako


Nyumbani
Jumanne, 1 Aprili

Mdogo wangu,

Nimeisoma barua yako mbele ya mwanao nikajifanya napiga chafya.

Kwanza nilikasirika, sikufichi. Nikasema, mtoto huyu niliyembeba mgongoni mama alipokufa, leo ananiuliza nani alinituma? Nikasema sikuandikii tena. Mama Pacha ndiye aliyeniweka chini. "Shoga," akaniambia, "hao watu hawakuja kuoa, walikuja kupima jeraha, na wewe umewaonyesha hina." Ukweli ukikuchoma huwa huna pa kujikuna.

Ni kweli nimekuharibia. Lakini na mimi niambie, mgeni akiingia nyumbani kwa watu, wenyeji wanamwonyesha sufuria tupu? Tangu lini? Nani katika ukoo wetu aliwahi kufanya hivyo? Mimi nilidhani wanataka kujua kama mtoto yuko kwenye mikono salama. Nilifikiri nakutetea.

Nimeandika. Nimeandika yote, kama ulivyotaka. Dereva anayo mkononi pamoja na hii yako. Usimwombe Mratibu akuonyeshe, nakuomba hilo tu.

Dada yako


Nyumbani
Jumanne, 1 Aprili

Kwa Mama Mratibu,

Salamu kwa heshima. Mimi ni dada wa yule anayejifunza vyuma, mliyemtoa. Sijazoea kuandikia wakubwa, kwa hiyo nikikosea mahali, niwie radhi uendelee.

Niliyomwambia mkaguzi wako ni uongo. Makochi ni ya jirani. Kuku ni wa jirani huyo huyo. Gauni la mtoto na vazi langu ni nguo za wateja. Mimi ni dobi, nafua na kupiga pasi kwa mkaa. Pale kambani, ya kwetu ilikuwa ni ile shuka ya mwisho kabisa, yenye kiraka.

Nilisema nyumba hii haijawahi kulala njaa. Inalala. Namtanguliza mtoto, mimi nakunywa maji ya moto na chumvi, akiniuliza namwambia nilikula kwa mteja.

Mkono wangu wa kulia uliungua mwezi wa kwanza, kifuniko cha pasi kilifunguka mkaa ukanimwagikia. Vidole viwili havikunjiki tena. Mkaguzi hakuona kwa sababu nilijitanda mtandio muda wote. Mdogo wangu naye hajui. Ningemwambia angeacha mafunzo akarudi siku hiyo hiyo. Wateja wananikimbia mmoja mmoja kwa kuwa kola zinatoka na mikunjo. Hii naandika kwa kushoto.

Na kuna la mtoto. Mdogo wangu ameniambia nisifiche hata chembe, basi na hili nalitoa. Nikipeleka nguo kwa wateja namfungia ndani kwa kufuli. Walinzi hawataki mtoto kwenye mageti ya watu, na nikimwacha uani kuna mkaa wa moto. Jirani naye anakwenda kibaruani. Namwachia maji na kipande cha mkate. Nikirudi namsikia nyuma ya mlango anajisimulia hadithi, sauti ya mama anaiga yeye, ya mtoto anaiga yeye.

Sasa umejua tulivyo. Mimi si mtu wa kutegemewa na mtu, mama. Nilisema vile kwa sababu ya haya tu. Mrudishe mdogo wangu kwenye vyuma vyake. Kosa ni langu, yeye alikuwa anaunga madirisha.

Dobi, dada yake


Ofisi ya Mratibu
Jumatatu, 14 Aprili

Mpendwa Mshiriki,

Mpishi ameniambia unalala wapi. Sikumkaripia. Nimempa barua hii akupe, na hii si ya karatasi ya ofisi kama unavyoona.

Barua ya dada yako nimeisoma mara nyingi, na nimeisoma kwa sauti mbele ya kamati. Jambo la msaada wa familia limekwisha, hakuna aliyebaki akidhani mna nguo nyingi. Lakini barua hiyo hiyo inasema dada yako ameungua mkono tangu mwezi wa kwanza, na mtoto wako hufungiwa ndani peke yake, akijisimulia hadithi kwa kuiga sauti yako. Kanuni inasema mama ambaye mtoto wake hana mlezi wa kumwangalia mchana arudi nyumbani kwa mtoto. Yule mwenzako wa bweni aliondolewa kwa sababu hiyo hiyo. Mtoto wake alikutwa nyuma ya kufuli.

Niliwauliza wajumbe, tukimrudisha mama nyumbani bila ujuzi, atamlisha nini huyo mtoto anayekwenda kumwangalia? Mwenyekiti alisema hilo ni swali zuri. Kisha tukaingia kwenye ajenda iliyofuata.

Nafasi yako imeshajazwa. Mama aliyeichukua ana watoto wanne na hana dada. Sina wa kumtoa ili nikuweke wewe. Fedha zote ni za wafadhili, na kanuni ni zao. Mimi nina mhuri tu.

Nimeomba waanzishe chumba cha kulelea watoto hapa hapa kituoni. Nimeomba kila mwaka tangu nianze kazi hii.

Nakuomba radhi, ingawa najua radhi haiungi chuma.

Mratibu


Kwa mpishi
Jumatano, 16 Aprili

Mama Mratibu,

Asante kwa kutonifukuza huku kwenye magunia.

Nisaidie kuelewa. Nikiwa na dada mwenye makochi, nina msaada kupita kiasi. Nikiwa na dada aliyeungua mkono, nina msaada pungufu. Huyo dada wa saizi yenu mnauziwa duka gani?

Nisamehe. Sina wa kumkasirikia, ndiyo maana nakukasirikia wewe. Wewe umenijibu angalau.

Nimezunguka karakana za mtaa huu mzima. Wote swali lao moja: cheti kiko wapi? Nikiwaambia nipeni chuma niwaonyeshe, wanacheka. Hii karakana inayotazamana na geti lenu imenikubali nibebe nondo. Mashine ya kuchomelea ipo hapo hapo, hatua chache, na siruhusiwi kuigusa. Anayeitumia anaacha matundu kwenye mshono, ningeweza kumwambia, lakini mbeba nondo hana mdomo. Jana wanafunzi wenu walipita na vinyago vyao mkononi. Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu.

Nyumbani siwezi kurudi. Tutakuwa watatu kwenye chumba chenye njaa ya wawili. Hapa angalau mzigo mmoja umewapungukia.

Nakuomba kitu kimoja, na hiki hakihitaji kamati. Dada yangu asijue. Yule ni mtu ambaye hata akiwa mgonjwa ukimuuliza "hujambo" anasema "sijambo, karibu ukae". Amewaandikia ninyi aliyonificha mimi ndugu yake wa tumbo moja. Akijua kwamba ukweli ule ule ndio ulionifungia mlango, hatanyanyuka. Uongo wake umenitoa, ukweli wake umenikatalia kurudi. Atashika nini tena? Nitamwandikia kwamba mmenirudisha, na ukweli nitamwambia mwenyewe nikishapata kazi. Mpaka hapo akikuandikia, nyamaza.

Aliyekuwa mshiriki wako


Kituoni
Jumapili, 4 Mei

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo. Pumua. Wamenirudisha.

Barua yako imefanya kazi. Mratibu aliisoma mbele ya wakubwa wote. Nimerudi kwenye vyuma, Koleo ananifokea kama zamani, na mimi nafurahi kufokewa. Ndiyo maana nilichelewa kuandika, tuna kazi nyingi, mwisho umekaribia.

Nisamehe kwa maneno yangu ya mwezi wa tatu. Nilikuwa nimechanganyikiwa.

Lakini na wewe una kesi. Mkono, Dada! Mkono umeungua tangu mwezi wa kwanza na mimi unanidanganya eti unaandikia juu ya goti? Wamenisomea, sikuweza kuzuia. Nenda zahanati, usingoje. Na kufuli, nakuomba, tena nakuomba kwa jina la mama, usimfungie tena Chiriku. Mpeleke akakae na Mama Pacha kibaruani kwake, mpeleke popote, lakini si nyuma ya kufuli. Sina amani nikifikiria anaiga sauti yangu.

Mahafali mwaka huu ni ya ndani tu, wageni hawaruhusiwi, kwa hiyo msijisumbue. Nikishatulia nitakuja mwenyewe kuwachukua. Mnisubiri hapo hapo. Msiende popote.

Mdogo wako anayekupenda,
Cheche


Nyumbani kwa mara ya mwisho
Jumatatu, 9 Juni

Mdogo wangu, fundi wangu, Cheche wangu!

Barua yako niliibusu mbele ya dereva akadhani nimerukwa na akili. Nimeisomea uani kwa sauti. Mama Pacha alipiga vigelegele mpaka pacha wakaamka. Nikamwambia, umeona? Sema kweli ya Mungu uone itakavyokubeba. Miaka yote nilidhani ukweli ni wa kusitiriwa, kumbe ni wa kutolewa! Usiku huo nililala usingizi ambao sijaulala tangu niungue.

Eti wageni hawaruhusiwi. We mtoto, nimekulea, nakujua. Unaogopa nitajitwisha gharama za safari. Hakuna gharama, mwenye lori la saruji anatupakia bure. Na pale mlangoni wasipotukubali nitamwita yule mkaguzi, ananifahamu vizuri, kuku alimsifia mwenyewe. Nataka pia nimshike mkono Mama Mratibu nimwambie asante. Kwa kushoto, atanielewa.

Sasa habari kubwa. Zahanati wamesema vidole havitarudi, kazi ya pasi basi. Wateja wa mwisho nimewarudishia nguo zao. Nikakaa, nikafikiri, nikasema kwa nini nisubiri mdogo wangu aje kutuchukua, wakati yeye ana mashine, ana kazi inamngoja, na mimi nina mikono mitupu na mtoto asiyetakiwa kufungiwa? Nikamkabidhi mwenye nyumba chumba chake. Tayari kina mpangaji mwingine, ameshaingiza godoro. Sufuria nimegawa. Tumebaki na mabegi yetu na ile shuka.

Mwanao hajanyamaza tangu aliposikia. Amewaaga watu wote mtaani, hata mbuzi wa fundi viatu amemuaga. Kila mtu anamwambia, "Mama yangu ni fundi wa vyuma, sisi tunakwenda kukaa kwake, kuna vyumba viwili." Nilikuwa nimesema tusiandike, tukushtukize tu. Yeye akakataa kabisa, anasema mama kwanza hupewa barua. Kwa hiyo dereva atakapoingia jikoni kumpa mpishi karatasi hii, sisi tutakuwa nje getini na mabegi yetu. Usijibu, hakuna tena wa kupokea barua huku.

Ukimaliza kusoma toka tu uje. Na usibadili nguo za kazi. Chiriku anataka akuone ulivyo.

Dada yako
na Chiriku, aliyeshika kalamu kuchora hii pembeni, anasema ni wewe na moto